Shilingi za Mfalme Aliyekufa

Tulimzika Nyambura huko Subukia mwezi wa nane, kwenye mteremko wa shamba lake, mvua ikitunyeshea kidogo kidogo. Baada ya maombi, mwenyekiti wa chama chetu cha akina mama alisimama kutoa shukrani, na kabla hajamalizana na marehemu akaanza na mimi. Akasema, "Huyu cucu, huyu nyanya mnayemwona hapa ameshika pesa zetu miaka thelathini na nane. Hakuna mama hata mmoja amewahi kulia kwa sababu yake." Watu wakapiga makofi, yale ya matangani, ya taratibu. Nilitazama chini. Mtu pekee katika uwanja ule aliyekuwa na haki ya kubisha alikuwa ndani ya sanduku, na hata yeye hakujua kwamba kuna jambo la kubishia. Nyambura alikufa akiamini kwamba nilikuwa dada mwema. Tangu siku ile usingizi umenikataa, na kwa kuwa daktari hana kidonge cha jambo hili, nimeamua kuandika. Sitaandika habari za ukoo wala nilivyozaliwa. Hayo wanangu wanayajua na wameyachoka. Nitaandika mwaka mmoja tu, ule uliofuata kufa kwa Mfalme wa Uingereza, nilipokuwa na miaka kumi na sita, tukiishi katika shamba la Mzungu kule juu ya Njoro.

Nililelewa na Tata Wangari. Tata ndilo jina tunalomwitia shangazi, dada ya baba. Alikuwa mjane wa miaka arobaini na kitu, mwembamba, mikono imekauka kwa kuchuma pareto, na nyumba yake ilikuwa ya mwisho katika laini ya wafanyakazi, pale barabara ya matrekta inapopinda kwenda kwenye ngano. Ilikuwa nyumba ya duara yenye chumba kimoja. Ukiingia, mkono wa kulia ni kitanda chake na Nyambura, binti yake, aliyekuwa na miaka saba. Katikati ni mafiga. Mkono wa kushoto ni kizimba cha fito, na ndani yake kondoo dume mnene ambaye hakuwahi kuliona jua. Ndivyo wanawake wa kwetu walivyonenepesha kondoo wa mafuta: anafungiwa ndani ya nyumba, analishwa majani ya viazi vitamu, ananona mpaka miguu inamshinda. Nililala kwenye ngozi karibu na kizimba, na mwaka ule nilizisikia pumzi za yule mnyama kuliko za mtu yeyote. Chini yake, chini ya samadi na udongo uliokanyagwa, Tata alikuwa amezika mkebe wa rangi wenye pesa zake zote. "Mwizi atakuja na panga," aliniambia, "lakini hatakuja na beleshi la mavi." Nilicheka mpaka akanipiga kofi la bega.

Zilikuwa shilingi mia mbili na arobaini, zote za fedha, simba upande mmoja na kichwa cha Mfalme upande wa pili. Alikuwa amezikusanya kwa miaka kumi na moja, kwa pareto, kwa mayai, kwa kondoo waliomtangulia huyu. Na hazikuwa za kukaa tu. Shemeji yake Kamau, huko Murang'a, alikuwa na kipande cha shamba chenye migomba na kijito, na alikubali kumwuzia kwa bei hiyo hiyo, mia mbili na arobaini, ilimradi amletee kabla ya mwaka kwisha. Mjane kama Tata katika shamba la Mzungu alikuwa kama chungu juu ya mafiga mawili. Siku Bwana akiamka vibaya, unaambiwa uondoke na sufuria zako, na huna pa kwenda. Miezi ile watu wa kabila letu walikuwa wameanza kubebwa kwa lori kutoka mashamba ya jirani, kwa sababu ya vita vya msituni, na kila jioni wanawake walinong'ona ni laini gani iliyoachwa tupu. Kwa hiyo ule mkebe ulikuwa ndio kwetu. Tata alipokaa kwenye kigoda akitoa maganda ya maharagwe, alizungumza juu ya migomba ile na Nyambura kana kwamba walikuwa wameshaipanda.

Katika laini yetu pesa ilikuwa na milango mingi ya kutokea. Kulikuwa na duka la shamba, lililokukopesha sukari na kukukata mwisho wa mwezi kwa bei ambayo hukuionyeshwa. Kulikuwa na mtu wa vitambaa, aliyekuachia leso leo ukailipa kidogo kidogo mara nne, na ukihesabu unakuta umenunua leso mbili na kuvaa moja. Kulikuwa na chupa ya dawa ya kuongeza damu, nyekundu na tamu, ambayo nusu ya laini iliinywa na hakuna aliyenenepa ila muuzaji. Tata alimwuliza kila mchuuzi swali moja tu: "Nikikupa yote leo, ni ngapi?" Wengi walilichukia swali lile. Chai tuliinywa bila sukari, githeri yetu ya mahindi na maharagwe tukaila bila mafuta, na yale mafuta ya kondoo yaliyotunukia usiku kucha yaliuzwa kwa wengine. Sikumpenda kwa hilo wakati ule. Nilimwona bahili, nami nilitaka viatu.

Karani wa shamba, kijana mpole aliyeogopa kila kitu, aliwahi kumshauri apeleke akiba yake posta. Tata akamwuliza, "Na siku nikiitaka?" Akajibiwa, "Utaenda Nakuru, utaweka kidole gumba, watakupa." "Nitaendaje Nakuru?" "Kwa barua ya Bwana." "Basi hiyo ni pesa ya Bwana," akasema Tata. Leo ninapowafundisha wasichana wa chama habari za benki, huwa nawaambia kwamba karani alikuwa na haki, lakini na Tata pia alikuwa na haki, na wao hucheka wakidhani nawachezea.

Msimwone mjinga kwa yale yatakayofuata. Tata alikuwa na sababu mbili, na zote alikuwa amezishika kwa mikono yake. Ya kwanza ilikuwa rupia. Alipokuwa msichana, pesa ya nchi hii ilikuwa rupia, na baba yake, ambaye ndiye babu yangu, aliuza mbuzi tisa akazificha rupia kwenye kibuyu. Serikali ikaleta pesa nyingine, ikatoa siku za kubadilisha, na habari zikamfikia babu siku zimeshapita. Alitembea siku mbili hadi dukani na kibuyu chake akaambiwa, "Hii imekufa, mzee." Alirudi nyumbani anacheka, akaendelea kucheka siku kadhaa, na mamake Tata akawakataza watoto kumkaribia. Sababu ya pili tuliiona sote pale pale shambani. Bwana mzee alikuwa akitupa vibati, vipande vya shaba vyenye namba, vya kuchukulia maziwa na posho dukani kwake. Alipokufa, mwanawe, yule tuliyemwita Bwana Kofia, aliona vibati vya baba yake havina maana, akaagiza vingine. Waliokuwa wameweka akiba ya vibati waliwapa watoto wachezee. Basi mtu ambaye ameona pesa ikifa mara mbili, ukimwambia Mfalme amekufa na Malkia ametawazwa, atafikiri nini? Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka.

Siku ya kutawazwa Malkia, Bwana Kofia alichinja fahali mmoja kwa laini nzima. Tulipanga foleni na sufuria zetu, kila nyumba ikapewa nyama ya kujaza viganja viwili na sukari kwenye karatasi, na picha ya Malkia ikabandikwa mlangoni mwa ghala. Wanaume walikaa kwenye magunia, midomo imeng'aa mafuta, wakazungumza kwa Kiswahili kwa sababu pale palikuwa na kila kabila. Mzee Wafula, aliyekamua ng'ombe wa Bwana kwa miaka ishirini, akauliza, "Sasa huyu mama akikaa kiti, na pesa itakuwa yake?" Mtu akajibu, "Itakuwa ya nani tena? Kichwa kimebadilika." Walicheka. Tata hakucheka. Alikuwa amesimama nyuma yangu na sufuria yake, nami nilihisi mkono wake ukinishika bega.

Miezi michache baadaye akaja Ezekieli. Tulimfahamu kwa kuku. Alipita na baiskeli yenye matundu mawili nyuma, akinunua kuku mashambani na kuwauza Nakuru. Alikuwa kijana nadhifu, kalamu mfukoni, anasali kabla ya kunywa hata maji. Jumamosi moja hakununua kuku. Alikaa kwenye gogo mbele ya nyumba ya Mzee Wafula, akatoa noti mpya ya shilingi kumi yenye uso wa Malkia, akaiacha ipite mikono ya watu. "Watu wa Bwana Kofia," akasema, "mimi sisemi kitu. Tazameni wenyewe. Ikifika Krismasi, zile za Mfalme watazifungia mlango benki. Mimi niko na mtu wangu ndani, Nakuru. Lakini huyo mtu hali nyasi. Mkinipa mbili za Mfalme, nawapa moja ya Malkia." Mzee Wafula akang'aka, "Mbili kwa moja? Huo si wizi?" Ezekieli akamjibu kwa upole, "Mzee, Januari itakuwa mia kwa sufuri. Amua wewe." Kisha akauliza kama kuna mtu pale aliyesoma, na laini nzima ikanigeukia.

Nilikuwa nimefika darasa la nne katika shule ya misheni. Nilisoma barua za watu, nikawaandikia majibu, na kwa kazi hiyo nilipewa yai au ndizi na heshima nyingi mno kwa umri wangu. Nikaishika noti. Namba niliisoma, neno la shilingi nikalisoma. Chini yake kulikuwa na mstari wa Kiingereza ambao sikuuelewa hata kidogo. "Na hapa?" akauliza Mzee Wafula, kidole chake kikiwa kwenye mstari ule ule. Ningesema sijui, ingekuwa ni neno moja tu. Lakini watu wote walikuwa wakinisubiri mimi, na Ezekieli, nyuma ya sikio langu, akasema polepole, "Hizi ndizo pesa halali." Nikarudia kwa sauti kubwa kana kwamba nimeyasoma: "Wanasema hizi ndizo pesa halali." Baadaye sana, nilipojifunza Kiingereza, nilikuta kwamba mstari ule ulisema hivyo kweli. Hausemi neno lolote juu ya zile nyingine, lakini siku ile hakuna aliyeuliza.

Mzee Wafula alibadilisha pesa za mahari ya mwanawe jioni ile ile, na nyumba mbili zikamfuata. Jumamosi iliyofuata Ezekieli akaniletea viatu vya raba, vyeupe, vilivyonitosha kabisa. "Mwalimu hatembei miguu mitupu," akaniambia. Nilivivaa hadi ndani ya nyumba. Tata alivitazama, akaendelea kukoroga sufuria. Kisha akasema kwamba Ezekieli angerudi Jumapili ijayo asubuhi na kwamba yeye alikuwa hajaamua. "Babu yako alichelewa na rupia, wenye vibati wakachelewa pia," akasema. "Lakini pia sijawahi kumwona mtu anakuja mbio kukuokoa. Anayekuharakisha na pesa zako ana haraka na zake." Akafukua mkebe, akatoa shilingi moja, akaipangusa kwa kanga, akaniwekea mkononi. "Jumamosi utaenda Njoro, kwa yule Mhindi mzee wa duka la mwisho. Usimwulize kitu, maana mtu akiulizwa hujitengenezea jibu. Mwambie unataka chumvi. Akiichukua shilingi hii, Ezekieli ataondoka na kuku wake. Akiikataa, nitabadilisha."

Nimeshika pesa za watu maisha yangu yote, nimesikiliza maofisa wa benki wakizungumza kwa siku nzima, na bado sijasikia mpango mzuri kuliko ule. Mwanamke asiyejua kusoma hata jina lake alikataa maneno ya kila mtu akatuma pesa ipimwe mahali pesa hupimwa, dukani. Kasoro yake ilikuwa moja tu, na ni mimi.

Nilipewa barua ya kupita, nikatembea maili saba. Viatu vilinichubua kisigino kabla sijafika nusu ya njia, lakini sikuvivua. Duka lilikuwa na giza ndani, lenye harufu ya mafuta ya taa na vitambaa vipya. Yule mzee alikuwa amekaa nyuma ya mizani, miwani puani. Nikasema chumvi. Akapima, akafunga kwa karatasi, akaisukuma mbele yangu. Nikaweka shilingi mezani. Akaiburuta kwa kidole bila kuitazama, akaanza kunihesabia chenji. Sijui kilichoniingia, nikauliza, ingawa Tata alikuwa amenikataza: "Hii ya Mfalme bado iko sawa?" Akanitazama juu ya miwani. "Mfalme kufa," akasema, "shilingi hapana kufa. Nani sema mbaya?" Na hapo niliona Mzee Wafula na mahari ya mwanawe, nikaona zile nyumba mbili, nikaviona viatu miguuni mwangu. Nilikuwa mwizi mwenza wa Ezekieli na sikuwa nimejua. Mkono wangu ulifika mezani kabla ya akili. Niliinyakua ile shilingi, nikasukuma nyuma chumvi na chenji, nikatoka. Nilimsikia akiita, "Wewe msichana! Chumvi yako!"

Njiani nilikuwa na muda wa kutosha kuwa mtu mwema. Niliketi mara mbili kando ya barabara. Nilijiambia kwamba huenda habari hazijafika Njoro, kwamba benki inajua zaidi kuliko Mhindi wa duka la mwisho, kwamba nikifika nitamvuta Tata pembeni na kumweleza. Nilipokata kona ya ngano niliwaona wako nje ya nyumba yetu: Tata, Nyambura, wanawake wawili wa jirani, na Mzee Wafula ameegemea fimbo. Walikuwa wananingoja. Mwanamke mmoja akasema, "Mtoto wetu msomi huyo anakuja, tazama viatu." Tata hakujali viatu. Akauliza, "Chumvi iko wapi?"

Nikafungua kiganja. Shilingi ilikuwa pale, imelowa jasho.

Sikusema uongo. Hata neno moja sikusema, na kwa miaka mingi nilijikinga na hilo kama mtu anayejikinga mvua kwa jani la mgomba. Tata aliichukua ile shilingi, akaitazama muda mrefu, akasema, "Imekataliwa." Mzee Wafula akashusha pumzi, mtu aliyekuwa na wasiwasi na sasa amepona. "Unaona?" akawaambia wanawake. "Huyu mtoto alituambia mapema." Jioni tulikula maharagwe na viazi bila chumvi. Nyambura alilalamika, na Tata akamwambia avumilie, Murang'a kuna chumvi. Aliniongezea mimi kijiko cha pili kwa sababu nilikuwa nimetembea sana. Nilikimeza. Kila nilipofungua mdomo kusema, nilitia chakula.

Asubuhi kondoo alitolewa kizimbani kwa mara ya kwanza, akasimama uani amefumba macho kwa jua. Tata alifukua mkebe wote. Waswahili husema akiba haiozi; hawakuiona ya Tata. Mkojo wa kondoo ulikuwa umepenya, na shilingi za chini zilikuwa nyeusi kama makaa. Tulikaa tukizisugua kwa majivu, mimi na Nyambura, kwenye karai moja, naye Nyambura akiimba. Ezekieli alipofika alisali, kisha akazitenga. Mia mbili zilikuwa nzuri, akazilipa mia moja. Arobaini zilikataa kung'aa. Alizishika kwa ncha za vidole akasema mtu wake wa benki atamtukana. "Hizi, mama, nne kwa moja. Nakusaidia tu." Tata aliniangalia. Nadhani alitaka nimwambie kama ni haki. Niliinamia karai. Basi akapokea noti kumi na moja za Malkia, mpya, zenye harufu ya karatasi, mia na kumi badala ya mia mbili na arobaini, akazifunga kwenye kitambaa na kusema, "Kamau atanielewa." Ezekieli aliondoka shilingi zikiwa chini ya majani kwenye tundu la kuku, anakanyaga baiskeli kwa haraka. Hatukumwona tena.

Wiki ya tatu lori likaja. Bwana Kofia alisimama kwenye veranda na orodha, karani akasoma majina, na kila aliyekuwa wa kabila letu akapewa muda wa kufunga mzigo. Kondoo aliachwa. Sikumwona aliyemchukua. Mzee Wafula, ambaye hakuwa wa kabila letu na alikuwa anabaki, alimpa Tata debe la posho, akalia, akaomba msamaha kwa jambo ambalo hakulifanya.

Kamau hakumwelewa. Nalisema sasa ili nisirudi kwake. Alikuwa na watoto na madeni yake, na tulipofika hatimaye alimwambia Tata kwamba ardhi haipunguzwi bei kama kuku, akamwuzia mtu wa hoteli ya chai mwenye pesa kamili. Tata alilima katika kipande kile kile kwa kibarua, miaka sita, akipalilia migomba ya mwingine, na alikufa kabla ya Uhuru katika chumba cha kuazima. Nyambura hakusoma. Mimi nilisoma, kwa sababu Tata alisema kwamba angalau mmoja aliyeanza amalize, na noti nne kati ya zile kumi na moja zilikwenda shuleni kwangu. Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Yangu imepita Murang'a, ikarudi Nakuru, ikapanda Subukia na kumnunulia Nyambura shamba, na bado naitembea.

Lakini kabla ya Murang'a kulikuwa na kambi. Lori lilitushusha Nakuru, kwenye uwanja uliozungushiwa seng'enge, tukangoja zamu ya kupelekwa. Tulikaa wiki tano chini ya turubai, familia nne pamoja. Watoto waliharisha. Asubuhi wanawake wa mjini waliruhusiwa kuja kwenye seng'enge na unga, mboga na maziwa ya mgando, nasi tukanunua kwa kupitisha mikono katikati ya nyaya. Posho ya Mzee Wafula ilipokwisha, Tata alifungua kitambaa kwa mara ya kwanza, akatoa noti moja ya kumi, akaniambia nimsindikize. Alinunua unga wa shilingi moja. Yule mwanamke wa unga alifungua pindo la nguo yake na kumhesabia chenji kupitia waya, moja moja, mpaka tisa.

Tata alizipokea kwa viganja viwili. Akazitazama. Akaigeuza moja, simba. Akaigeuza tena, Mfalme. Akageuza zote tisa. "Mama," akamwita yule mwanamke, "hizi bado zinatumika?" Yule alikuwa ameshamgeukia mteja mwingine. "Kwani ziko na nini?" akajibu. "Si ni pesa."

Tulirudi kwenye turubai. Tata alikaa chini, miguu mbele, unga pajani, mpaka Nyambura alipoanza kumvuta nguo akitaka uji. Nilisimama mbele yake. Nilijua hesabu imemfikia, na nikangoja. Nilikuwa tayari kwa kofi, kwa laana, kwa lolote ambalo lingemaliza. Nadhani nilikuwa hata nimeanza kusema, maana nakumbuka nilisema, "Tata." Akainua uso, na macho yake hayakuwa na hasira yoyote kwangu.

"Yule Mhindi," akasema. "Alikuona mtoto tu, umetoka mbali, akakuonea. Akakufukuza na pesa nzuri mkononi." Akanishika mkono, akanivuta nikae karibu naye. "Na wewe umebeba aibu hii peke yako siku zote hizi, nami nilikuona huli vizuri. Usilie. Si makosa yako, mwanangu. Pole sana."

Nikaipokea ile pole. Nikaegemeza kichwa begani mwake, nikalia mpaka uji ukaiva, naye akanipakulia wa kwanza.